Mlango wa gari la baba Edna

Thadeo, usicheke kwanza. Niko nyuma ya nyumba ya akina Edna, Ruhuwiko.

Si unajua nilijipeleka kuosha gari la baba yake, alainike kabla sijapeleka posa? Maji yamekatika. Nikasema hamna shida, ninayo ile sabuni isiyosuuzwa. Ndoo moja, vitambaa, unafuta, unakausha, basi.

Mzee kanisimamia. "Suuza."

"Hii haisuuzwi, baba."

"Kwa hiyo na binti yangu utamlisha kwenye sahani zenye povu?"

Nikatoa mashine ya kupolishi, anione kwamba na mimi ni fundi.

Ndiyo, ile ile uliyonikataza. Uliniambia ninunue inayozunguka huku inatikisika, haichomi rangi. Mimi nikajifanya mjuaji, nikachukua inayozunguka tu.

Imekula rangi ya mlango, Thadeo. Na chini ya ile nyeupe umetokea mstari wa teksi. Mstari wa teksi, kaka. Gari ambalo mzee anatuhubiria kila siku kwamba alilinunua jipya, nailoni za viti alizitoa yeye mwenyewe.

Akautazama. Akanitazama. Mara mama Edna huyo na chai. Mzee akabandika mgongo mlangoni, mikono kifuani, kama anapigwa picha.

"Mbona umesimama hivyo?"

"Naongea na mkwe wangu."

Mkwe, Thadeo. Kasema mwenyewe, mbele ya mama.

Sasa nitafutie fundi wa kupuliza rangi nyeupe, haraka. Mpaka sasa mzee hajabanduka pale mlangoni, na chai anainywea hapo hapo.