Saa Arobaini za Mama

Mwenzangu, leo nimeumbuka. Nimeumbuliwa na mama mzazi!

Unakikumbuka kile kimashine cha kushtua misuli nilichopewa kliniki kwa ajili ya hizi nyayo zangu bapa? Kila siku nikibandike unyayoni, huku nanyanyua katikati ya unyayo bila kukunja vidole. Nimekigusa mara mbili. MBILI.

Leo daktari wa viungo kaniuliza kama nakitumia kila siku, nikamjibu kwa uso mkavu: "Sijaruka hata siku moja."

Kumbe kimashine kinahesabu! Akakisoma: "Saa arobaini! Hongera, dada." Nikapokea hongera yangu, nikashukuru.

"Haya, nyanyua unyayo tuone." Nikanyanyua vidole. Unyayo umelala bapa kama sakafu.

Mama, aliyenisindikiza, akakohoa: "Daktari, hizo saa ni zangu. Huyu akienda kazini nakibandika mimi, na mazoezi yake nafanya."

HIZO SAA NI ZANGU. Mama yangu huyo!

Akavua kiatu, akanyanyua unyayo. Kidole hata kimoja hakikutikisika.

Daktari kampa mama tarehe ya kurudi. Mimi kaniomba nimsindikize.