Murai Aliyejifunza Kuita Kuku

Klaten, 9 Machi 1987

Kwa Kaka Wiryo mpendwa,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Mimi sijambo, ila mvua ya mwaka huu imetuchosha. Je, kifua chako kimepoa, na huko Kalimantan magogo bado yanawavunja migongo? Kidonda cha Mama kooni kimefunga, na uji wa mchele anaumaliza. Sauti, kama tulivyoambiwa kabla ya upasuaji, haitarudi.

Najua unangojea habari za murai wako, ndege wako mwimbaji. Amekua, mkia wake mrefu, mzuri. Akiwa kinda nilimpeleka kwa jirani yetu Pak Sarjo kama ulivyoagiza, tukalitundika tundu lake kando ya ndege wake bingwa wa kuimba, limefunikwa kitambaa, asisikie mwingine. Pak Sarjo alinieleza kwamba murai hazaliwi na wimbo wake wote. Kwanza husikiliza kimya, akauweka kichwani. Kisha hubwabwaja kama mtoto mchanga, akijisikiliza na kujisahihisha, mpaka wimbo ukae. Ukishakaa, alisema, ni saruji iliyokauka, hata umlilie.

Jumapili tulimpeleka kwenye mashindano ya mtaa ya ndege waimbaji. Alianza vizuri mno, waamuzi wakainua vichwa. Mara akaita kuku: krr, krr, kuuur, vilevile kama Mama. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mwamuzi mmoja akauliza kama tumekuja na pumba. Pak Sarjo alisema nimemvua nguo hadharani, na kwamba ndege huyu kombe atalisikia tu. Iliniuma, maana najua umeliota kombe hilo miaka miwili.

Kaka, Pak Sarjo anadhani ni uzembe. Si uzembe. Daktari alipotuambia sauti ya Mama inaondoka, zilibaki wiki tano. Kila asubuhi nilimchukua murai kwa kisingizio cha kumwotesha jua, nikamtundika penye banda la kuku, nikafunua kitambaa, Mama akiwaita. Nilijua ninakuharibia. Nilifanya hivyohivyo.

Jana Mama alikuwa amekaa barazani. Murai akaita, na kuku wote wakaja mbio miguuni pake. Akawatupia pumba huku akicheka bila sauti, machozi yakimtoka.

Ukija Lebaran, kwa sikukuu ya Idi, nigombeze utakavyo, nimestahili. Lakini kombe litafutie ndege mwingine. Huyu ni wa Mama.

Wasalimie wenzako wote kambini, nawe ujitunze.

Ni mimi mdogo wako mkaidi,
Wening