Uji wa Muhogo na Katuni za Kaka

Rasbura, Jumamosi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, mchana jua likatoka kwa aibu, na sasa, baada ya alasiri, upepo wa kusi unaingia dirishani na kutoka bila kuaga. Siku za namna hii huwa sifai kwa kazi yoyote. Naweza kukaa na kikombe cha chai mpaka kipoe, macho yameganda mahali pamoja, mawazo yamekwenda zao.

Leo macho yameganda ukutani. Yana sababu.

Kaka yangu Hamisi alikuwa utingo wa malori ya korosho. Kila safari ya Dar alirudi na jarida moja la katuni, amelilaza katikati ya nguo zake safi lisije likakunjika. Alipofariki, miaka sita iliyopita, aliacha hamsini na nane. Ndugu waligawana nguo na redio. Mimi niliomba katuni, na hakuna aliyenibishia.

Tangu siku hiyo zilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda changu. Nilizifunga kwa khanga kuukuu, nikaweka majani makavu ya mwarobaini kwenye kifuko pembeni kwa ajili ya mende, na kila baada ya mvua za masika nilifungua kuangalia kama kuna ukungu. Nikishaona hakuna, nafunga. Nilijiona mtu makini sana.

Mwaka huu ndoto ilinijia ya kuzitoa. Nilitaka nikirudi kazini nizione, zile rangi zake za machungwa na buluu zilizopauka kidogo, zimesimama sebuleni kama watu waliokuja kunitembelea. Nilitaka mgeni akiingia aulize, "Hizi za nani?" nami nipate nafasi ya kulitamka jina la kaka yangu. Siku hizi hakuna anayenipa nafasi hiyo.

Lakini mimi ni karani wa masjala. Nimeona mafaili yakifa kwa kila aina ya kifo, na katika mji huu wa chumvi karatasi haina pa kukimbilia. Kwa hiyo nilipanga kwa wiki tatu nzima, kama mtu anayeandaa harusi.

Ukuta wa upande wa bahari niliukataa, maana ukiupitishia kidole unatoka na unga mweupe wa chumvi. Ukuta unaopigwa na jua la asubuhi niliukataa pia. Ukabaki ule unaotenganisha sebule na chumba changu, mkavu, wenye kivuli siku nzima. Fundi akanitengenezea rafu nyembamba yenye ukingo mbele, jarida likae limeegemea bila kubanwa na chochote. Hakuna msumari, hakuna gundi ya karatasi, hakuna pini. Kila jarida ndani ya mfuko wa plastiki angavu, mdomo wazi lipumue, na kipande cha kadibodi nyuma lisipinde. Manne tu kwa mwezi, mengine yapumzike sandukuni, halafu zamu ibadilike. Nilipanga hata pazia dogo la kuteremsha nikifagia.

Jana jioni niliyatoa manne ya kwanza nikayaweka juu ya meza. Rafu ilikuwa haijakauka vanishi. Nikasema kesho.

Mama yupo kwangu tangu wiki iliyopita. Ametoka kijijini, mbele ya Mingoyo, kuja kupimwa macho, na amepata miwani. Tangu aivae anashangaa kila kitu: mchele una mawe mengi kiasi hiki, mimi nina mvi kiasi hiki. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli nilikuwa napona. Nyumba ilinukia chakula nikirudi.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni. Niliporudi, harufu niliyoikuta ilikuwa ya uji.

Kwetu kijijini, ukuta wa udongo hupambwa kwa magazeti. Unakoroga unga wa muhogo uwe uji mzito, unaupaka nyuma ya karatasi, unaibandika na kuilainisha kwa kiganja. Karatasi inayoheshimiwa ndiyo inayobandikwa pale mgeni anapokabiliana nayo akiingia. Nimekulia katikati ya kuta hizo. Nilipaswa kulifikiria.

Mama alikuwa amesimama kwenye kiti, kiganja cheupe kwa uji, anamalizia pembe ya mwisho. Alikuwa ameng'oa pini za jarida moja, akazikata karatasi zake kwenye mkunjo zikawa nane, akazibandika safu mbili kwenye ukuta wangu mkavu. Kazi safi, nakiri. Hakuna hata kiputo kimoja cha hewa.

Sikumsalimia. Niliweka kapu chini, nikapiga kelele, mimi, kwa mama yangu mzazi: "Mama, umeliua! Umeliua la Hamisi!"

Aliteremka kwenye kiti taratibu. Hakunijibu kwa hasira, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Alijifuta mkono kwenye khanga, akasema, "Mimi nilimchomea mawili. Unakumbuka? Niliyawashia moto wa jikoni, nikimwambia anasoma upuuzi. Alikwenda kukaa nje. Basi leo nikasema, na miye nimpambe mwanangu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilijaribu kuinua ukingo mmoja kwa ukucha, karatasi ikaanza kuchanika kama mkate uliolowa, nikaacha. Kazini ningeshaandika dokezo la mambo yanayotakiwa kufanywa. Hapa nilivuta kiti nikakaa karibu na mama, nikamwomba radhi, naye akanipigapiga gotini. Uji ulikuwa unakauka na rangi zikirudi polepole.

Ile ya ukutani ni hadithi ya fundi saa anayekuwa mdogo mpaka anaweza kuingia ndani ya saa za wateja wake. Mama alikuwa anaifuata kwa kidole, picha kwa picha, miwani imeshuka puani. Fundi anapanda magurudumu ya saa kubwa ya posta. Anateleza. Anauona mlango mdogo, nyuma ya springi, anaushika kitasa.

"Anafungua," mama akasema. "Halafu?"

Halafu iko upande wa pili wa karatasi. Kurasa kumi na sita: nane zinatazama sebule, nane zinatazama saruji. Mlango wa fundi saa umefunguka kuelekea ndani ya ukuta wangu.

"Wewe si unayo miaka yote hii? Kuna nini humo?"

Nilifungua mdomo nimwambie, na hakukuwa na kitu.

Sijui. Niandike wazi hapa, ambapo hakuna wa kunicheka: sijui kilichokuwa nyuma ya mlango ule. Miaka sita nimekagua ukungu, nimebadilisha majani ya mwarobaini, nimehesabu hamsini na nane zimetimia, na sijasoma hata moja. Niliogopa kuzichakaza. Niliogopa na mengine. Nimemtunza kaka yangu vizuri sana, mpaka nimemsahau.

Mama hakunilaumu. Alisema tu kwamba yeye kusoma kunamwia vigumu, lakini kusikiliza anaweza.

Karatasi zile nane zitabaki pale zilipo, na mende wakija nitapambana nao. Rafu itachukua matatu yaliyosalia, ndani ya mifuko yake. Kesho, umande ukishakauka, tutanawa mikono, tutaikausha vizuri, na nitafungua sanduku siyo kwa kukagua. Tutaanza jarida la kwanza kabisa. Nitageuza kurasa kwa pembe ya juu, bila kulamba kidole, na nitamsomea kwa sauti.

Kaka alikuwa akinisomea hivyo, barazani, kila mtu wa kwenye katuni na sauti yake. Fundi saa alikuwa na ya kwake. Tangu saa kumi naingia na kutoka jikoni naitafuta sauti hiyo, kwa kunong'ona, mama asisikie. Ilikuwa nyembamba, au ilikwaruza?