Salamu ya Ketura kwa Kaseti

Jumatano, 5 Machi 2025
Bwera yote banasema hii habari vibaya. Banasema marehemu muke yangu Ketura alienda Kasese kutuma salamu kwa redio, akasalimia mchungaji, akasalimia shangazi wa Mubuku, akasalimia mpaka mbuzi — mimi Kosiya, hapana. Uongo. Jina yangu ilikuwa ya kwanza. "Salamu imufikie Kosiya, mwanaume kushinda Bwera yote." Hivyo.

Leo Jolly, muuza samaki, amerudi kutoka Kasese. Anasema kule mujini, nyuma ya kinyozi, fundi redio Tonny amefungua kachumba. Ameweka kaseti ya salamu ya zamani ya redio. Unakaa, unavaa kitu ya masikio, unasikiliza watu. Wengine walishakufa.

"Hata Ketura iko, muzee. Nimeona jina."

Nimecheka. Nikamwambia: mujini banalipa kusikia wafu? Mimi hapa bananisikia bure na sijakufa.

Sikula jioni.

Ijumaa, 7 Machi
Kwa maduka, Aloysius mwenye bucha akanisimamisha. Muzee, enda basi usikilize, utuletee habari ya mbuzi. Nikamwambia ile mbuzi ilikuwa na akili kumushinda. Wakacheka wote. Mimi pia.

Jolly anauliza: utaenda? Nikasema ile kitu haifai. Chumba kama choo, joto, kiti moja. Akauliza: umefika kule lini? Nikamuuliza bei ya samaki.

Mimi nilifukuza tembo na sufuria, watu banajua. Lakini kaseti — miguu inakataa.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nimeacha nafasi ya Ketura kando yangu. Mama moja akataka kukaa, nikaweka kofia.

Sauti yake inanipotea. Maneno nakumbuka. "Kosiya, funga kuku." Lakini siku hizi inatoka na sauti yangu mimi.

Jumanne, 11 Machi
Kasese. Naandika kwa benchi, nje ya mlango wa Tonny. Kiti moja kweli. Joto kweli. Mwanamke ametoka analia, akanishika mukono: "Ingia, muzee wangu. Inafaa." Hata simujui.

Tonny alikuwa anarudisha kaseti nyuma na kalamu, polepole, isikatike. Ketura alinifundisha herufi na kalamu kama ile, usiku akichoka ananipiga nayo kichwani.

Sasa Tonny ametoa kichwa mlangoni. "Tayari, muzee. Anacheka kidogo kabla ya kusema."

Anacheka. Hiyo nilisahau kabisa.

Ngoja niandike mbio. Ile siku ya salamu mimi sikusikia kitu. Betri ya redio yangu ilikufa kabla ya zamu ya Ketura. Akarudi jioni, vumbi mpaka kwa nyusi, hata mufuko hajaweka chini. "Ulisikia, baba?" Nikasema nilisikia, jina yangu ya kwanza kabisa, mwanaume kushinda Bwera yote. Akaniangalia sana. Akasema, "Basi vizuri." Akaenda kuwasha moto.

Tonny ameshika kiti, ananingoja. Ile salamu ya jina ya kwanza, ile ya kushinda Bwera yote — ni mimi niliitunga.