Nilifukia Bwawa la Dampo, Mjane Akatengwa kwa Kosa Langu

Mshauri, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana hili nimeshindwa kumwambia hata padri.

Naitwa Sayi, nina miaka thelathini na minne, ni msimamizi wa dampo nje kidogo ya Bariadi, na kijiji chetu kiko upande wa chini wa hilo dampo. Mwaka jana tuliongezewa eneo kwa sababu taka zilikuwa zimejaa, na ramani ya eneo jipya ilionyesha vitu viwili ambavyo hata mtoto angevielewa: mtaro upande wa juu wa kuzuia maji ya mvua yasiingie kwenye taka, na bwawa upande wa chini la kukusanya yale yatakayokuwa yameshapita kwenye taka, ili yasitoke nje. Mtaro ulichimbwa nusu ukaachwa, bwawa likachimbwa lote, lakini malori yakawa yanakosa pa kugeuzia, basi bosi wangu Marcelo, ambaye kampuni yake ndiyo inayoendesha dampo, akaniambia nilifukie bwawa kwa muda, tutalichimba upya kiangazi, nikamuuliza na mvua je, akasema mvua za huku ni za kubahatisha, nikasimama pale namwelekeza dereva wa katapila mpaka pakawa uwanja, halafu nikasaini fomu ya ukaguzi kwamba mtaro na bwawa vyote vipo na vinafanya kazi.

Januari ikanyesha siku mbili mfululizo. Maji yalishuka kutoka juu, yakapita katikati ya taka, kwenye betri na mafuta machafu ya gereji na makopo ya kila aina, yakatoka meusi yenye povu, yakafuata korongo mpaka kwenye lambo la kijiji, tunakochota maji na kunywesha mifugo, na mimi niliyaona kwa macho yangu nikiwa nimesimama na buti, nikarudi kibandani nikakaa. Ndani ya wiki moja walikufa ng'ombe saba, watatu wa baba yangu, mzee Bundala, na mmoja wao alikuwa na mimba.

Sasa pembeni ya lambo kuna shamba la pamba la mama mmoja mjane, Elina, ambaye wiki ile alikuwa ametoka kupulizia dawa, na baba akasimama kwenye mkutano akasema Elina ameoshea bomba la dawa lamboni, Elina akakana, akasema bomba huwa analisuuzia shambani kwake, hakuna aliyemsikiliza, wakamtenga: asisalimiwe, asisagiwe mahindi mashineni, asisaidiwe palizi. Leo ni wiki ya tano. Juzi nilipishana naye amebeba mahindi kichwani, anakwenda kusaga Bariadi kwa miguu, akaniambia, "Ng'wangaluka, baba," kama anavyonisalimia tangu nikiwa mdogo, na mimi, Mshauri, niligeuza uso.

Mke wangu Evalina anajua yote. Anasema nikifungua mdomo nitafukuzwa kazi, huenda nikashtakiwa kwa ile sahihi, na baba hatanisamehe kwa kumwaibisha mbele ya watu, kwa hiyo tusubiri, mambo yatapoa. Watu bado wanachota maji yale, eti yametulia, na masika yanakaribia. Nifanye nini?

Sayi, Bariadi

Sayi,

Barua yako ilinifikia Jumanne asubuhi na sikuiweka kwenye foleni. Nilikupigia palepale kwa namba uliyoandika chini, kwa sababu wanaochota maji yale hawawezi kusubiri gazeti la Jumapili. Ukaniambia utamweleza baba yako ukipata nafasi nzuri. Nilikujibu kwamba nafasi nzuri ilikuwa siku uliyoyaona maji yanatoka, na kwamba ikifika jioni hujasema, nampigia mwenyekiti wa kijiji mimi mwenyewe.

Ulisema. Umenieleza kwamba mzee Bundala alikuwa anafunga zizi, akaacha, akauliza, "Kwa hiyo Elina nimemtenga mimi bure?" Ukamwambia ndiyo. Akaenda kwa mwenyekiti kwa miguu yake, na kesho yake lambo likazungushiwa miiba. Hapo nakupongeza, kidogo tu.

Maana bado nina hasira na wewe. Bwawa ulilifukia kwa kumwogopa bosi; sikubaliani nalo, lakini naweza kulielewa. Zile wiki tano siwezi kuzielewa. Hakuna aliyekulazimisha kugeuza uso njiani. Na Evalina mwambie nimesema hivi: mambo yalikuwa yanapoa nyumbani kwenu, siyo nyumbani kwa Elina.

Marcelo naye asijifiche nyuma ya mgongo wako. Andika kila kitu: tarehe, nani alikuagiza, dereva wa katapila ni nani. Ambatanisha nakala ya ramani na ya fomu uliyosaini, na useme wazi kwamba sahihi ni yako na ulichosaini ni uongo. Kabla ya kupeleka, mwone wakili wa msaada wa kisheria. Kisha peleka kwa afisa mazingira, nakala kwa mtendaji wa kata, nakala nyingine ubaki nayo. Omba maji ya lambo yapimwe, na mtu asiyaguse mpaka majibu yatoke. Dai bwawa lifukuliwe na mtaro umaliziwe sasa, kabla ya masika. Wewe unajua vilipopaswa kuwa, huna kisingizio. Kazi unaweza kuipoteza. Sikudanganyi.

Kuhusu Elina, mkutano uliomtenga ndio uitishwe tena, na atakayesimama kueleza ni wewe, siyo baba yako. Lakini asije akayasikia huko kama watu wengine. Nenda kwake kwanza, leo. Usibebe sukari wala khanga. Mweleze ulichofanya, kisha unyamaze akuseme mpaka amalize. Akikufukuza, ondoka, halafu nenda kwenye mkutano useme vilevile. Jina lake hulisafishi ili akusamehe. Unalisafisha kwa sababu ni wewe uliyeacha lichafuke.

Mshauri wako, Ernestina