Viatu vya Sukari Siku ya Kufunga Karakana

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 4 mwezi wa tano.

Mpendwa mdogo wangu Kiroboto,

Salamu nyingi, na kabla ya lolote, hali yako? Kile kikohozi tulichokisikia kwenye simu kimekwisha, au bado unakitibu kwa kukidharau? Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na wapwa zangu, wananenepa au wanarefuka tu? Sisi huku hatujambo. Wifi yako mzima, Baba mzima ukiacha mikono, na mimi mzima ukiacha tumbo, ambalo siku hizi linatangulia kuingia darasani na wanafunzi wananyamaza kwa kuliona hilo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Ina sababu yake, utaiona huko mbele. Uvumilie mwandiko. Miaka ishirini na sita ya kuandika ubaoni imenifanya niandike kama mtu anayepaka chokaa.

Habari yenyewe ni ile keki. Uliniuliza tuagize ya fondanti au tusiagize, nikakujibu "tutaona", ukakata simu. Ulikuwa na haki. Ngoja nikueleze tulivyoona.

Karakana ya Baba inafungwa Jumamosi ya tarehe 28 mwezi ujao. Hilo halibadiliki. Baada ya miaka hamsini na moja ya kushona viatu, kidole gumba cha mkono wa kulia hakina tena nguvu ya kusukuma sindano ipite kwenye soli. Daktari alimwambia aache, na safari hii amekubali. Alichokataa ni sherehe. Alisema atashusha kibao, atafunga kufuli, atarudi nyumbani kunywa chai. Nilipomsihi akanitazama juu ya miwani.

"Mnaniaga naenda wapi? Nitakuwa hapo hapo sebuleni kwako nakusumbua."

Kwa hiyo ulipotuma picha ya ile keki yenye umbo la kiatu, mimi nilikuwa na keki isiyo na sherehe. Hata hivyo tulibishana vilevile, kama kawaida yetu. Wifi yako alisema fondanti ni pambo tu la sukari la kufunikia keki, wageni huibandua na kuiacha pembeni mwa sahani kama ganda la ndizi. Afadhali keki ya krimu ya siagi, inayoliwa yote. Wewe ukasema krimu haiwezi kutoa kiatu, itatoa kiatu kilichokanyaga tope. Mimi nilikubaliana na nyote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka mkapigiana simu mkagundua.

Nikiri na hili, maana wifi yako ameshaanza kuwasimulia majirani. Mwokaji niliyekwenda kumuulizia bei alinipa vipande viwili vya kuonja nije navyo nyumbani, akanionya kile cha fondanti nisikiweke kwenye friji. Nikakiweka kwenye friji. Nilipokitoa kikaanza kutoka jasho kama mimi siku ya ukaguzi wa shule, rangi nyeusi ikachuruzika, na nikamkabidhi mke wangu kitu kinachonata kama gundi ya soli. Akalamba kidole, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hata sukari umeitesa?"

Basi Jumanne nilipitia karakana kumjaribu Baba kwa mara ya mwisho. Nikamwonyesha picha yako kwenye simu. Akaishika mbali, urefu wa mkono mzima.

"Nani kashona hiki?"

"Hakijashonwa, Baba. Ni keki."

"Najua ni keki, sijazeeka kichwa. Nauliza nani kashona? Tazama mshono unavyokwenda. Umeanza vizuri, umefika kisiginoni umelewa."

"Ni ya kula tu, Baba."

"Na cha pili kiko wapi?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria cha pili, si wewe, si mimi, si wifi yako mwenye akili zote. Baba akanirudishia simu. "Miaka hamsini na moja sijamkabidhi mtu kiatu kimoja. Mnataka nianze siku ya kufunga?"

Nikaondoka nikijua jambo hilo limekufa. Kesho yake akanipigia nikiwa katikati ya kipindi: nimpeleke kwa huyo mwokaji. Nilimkuta mlangoni amevaa shati la kutokea.

Mwokaji ana chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, oveni mbili, meza ndefu ya bati na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Ni msichana wa umri wa miaka thelathini hivi, ana mdomo kama wako.

"Wewe ndiye unayeshona viatu vya sukari?" Baba akamuuliza.

"Shikamoo, mzee. Mimi naoka. Kushona nimekuachia wewe."

Hapo nikatafuta pa kukaa, maana niliona hatutoki mapema.

Akamweleza kwamba fondanti ni sukari ya unga iliyokandwa mpaka ikawa laini kama udongo wa kufinyangia; unaisukuma iwe bapa kama kitambaa, halafu unaifunika juu ya keki. Akamsukumia kipande na kumwekea keki ndogo ya kujaribia. Baba akakishika kama anavyoshika ngozi, akakivuta kwa nguvu kuelekea kisiginoni, jinsi anavyovuta ngozi juu ya kalibu ya mbao yenye umbo la mguu. Kikapasuka katikati. Akapewa cha pili. Kikapasuka pia. Yule msichana alicheka mpaka akaegemea oveni.

"Mzee, hii haivutwi, hii inabembelezwa! Tumia viganja!"

Kiroboto, wewe unamjua Baba. Kwenye kazi yake hakuna aliyewahi kumwelekeza, hata Mama, Mungu amrehemu, alikuwa anazunguka mbali. Nikasubiri ngurumo. Akaenda kunawa mikono tena, akarudi akaitandaza kwa kiganja kutoka juu kwenda chini, taratibu, na ukingoni akamalizia kwa kidole gumba. Kile kile kilichoshindwa na soli. Kwa sukari kilitosha.

Walikaa saa mbili. Mimi nilikalia ndoo ya unga na kuulizwa swali moja tu, ni saa ngapi. Walikubaliana hivi: itakuwa pea, viatu viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa. Ndani ni keki ya siagi, ili wifi yako naye awe ameshinda. Kamba na ulimi wa kiatu zitakatwa wiki moja kabla zipate kukauka, na atakayezikata ni Baba. Mishono ataichora yeye kwa kigurudumu chake cha meno cha kutia alama za mshono kwenye ngozi, kwa sharti la msichana kwamba kiwe kipya, "si kile chenye nta ya miaka hamsini, mzee, watu watakula."

Mambo yakawa yamekwisha, nimeshasimama, Baba akauliza, "Mguu wa nani?"

"Mguu gani tena, mzee? Tunafanya saizi ya kawaida."

"Saizi ni za dukani. Mimi nina wateja." Akanigeukia. "Nani kaagiza hii keki?"

"Kiroboto."

"Basi viatu ni vyake. Mwambie alete vipimo."

Njiani akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesema kwamba mvua itanyesha, kuwa sherehe iwepo. Ila haitakuwa ya kumuaga. Atakuwa anakabidhi kazi, na kwa kuwa mteja yuko mbali, watakaofika watampokelea. Hotuba isizidi moja, na isiwe yangu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba tumeagiza, na hii ndiyo sababu ya barua. Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili za kaki, amezikata Baba mwenyewe. Zitandike sakafuni, si juu ya zulia. Vua soksi. Simama wima, uzito kwenye miguu yote miwili, maana mguu wa mtu aliyekaa si mguu wake. Achore shemeji, usijichore mwenyewe. Ukiinama mguu unahama. Penseli isimame, isilale. Chora wa kulia na wa kushoto, hakuna mtu mwenye miguu inayolingana. Nilimwambia Baba ungeweza kupiga picha tu ukaituma, akaniuliza kama huko shuleni nafundisha kweli au nalinda madawati.

Tuma mapema, zifike kabla ya tarehe 15 mwezi ujao. Ukichelewa, wa kujibu mbele yake ni mimi.

Wifi yako anakusalimu sana na anasema hajasahau ulivyoisema krimu yake. Wasalimie shemeji na wapwa zangu wote, mkubwa, wa kati na yule mwenye kelele. Mungu awalinde huko mliko, awape kazi zenye faida na usingizi wa kutosha.

Jana nilipita karakana. Ule ubao wa kazi ukutani, ambao tangu tukiwa wadogo haukuwahi kuwa na nafasi, ameufuta wote. Amebakiza mstari mmoja kwa chaki: Kiroboto, pea moja, vipimo vinasubiriwa.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
ambaye mguu wake hakuna aliyeuulizia,
Mwalimu