Aliyeanza Kunywa Ndiye Mwenye Pombe

Shangazi yangu mpendwa,

Kati ya sauti zako zote, iliyobaki masikioni mwangu ni ile ndogo kuliko zote. Si kicheko chako kilichokuwa kinavuka bonde, wala si ukali wako ulipotuita kutoka shambani. Ni ulimi wako ulivyogonga kaakaa baada ya funda la kwanza la pombe ya mtama: to! Ukigonga mara moja, pombe imeiva. Ukigonga mara mbili, ina kosa, na kila mmoja wetu alianza kukumbuka nani alikoroga na nani aliacha moto ukazidi.

Nimeisikia tena majuzi, hapa Biharamulo mjini, kinywani mwa mtu mwingine. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa ni mwaka wa pili sasa tangu tukulaze kule Ngara, chini ya mgomba wako.

Unakumbuka nilipopata kazi ya kuonja kahawa? Nilikuja nyumbani na kijiko changu kukuonyesha. Nikavuta kahawa kwa mlio, nikaizungusha mdomoni, nikaitema kwenye kikombe. Ulinitazama kwa huruma ya kweli.

"Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo ili uje uteme?"

Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Kesho yake asubuhi nilikukuta nyuma ya jiko, peke yako, umeshika kijiko, unavuta pombe yako kwa mlio kama wangu. Kutema tu ndiko ulikokataa.

Sasa sikiliza. Kuna kijana anaitwa Jofrey, mtoto wa Dar es Salaam, tulisoma naye chuo Morogoro. Amepanga nyumba nyuma ya soko, ameijaza mapipa ya chuma, anapika bia nyeusi yenye kahawa ya kwetu Ngara. Wajuzi wanaiita imperial stauti. Si bia ya kukata kiu. Imeundwa iwe nzito na kali, kama mara mbili ya bia ya kawaida, inywewe polepole kama mtu anayesoma barua ndefu. Tangu mwanzo aliniomba tupike pamoja. Nilimwambia hapana, mimi nitamwonjea tu.

Hakujua kwa nini, wala sikumwambia. Wewe unajua. Ulikuwepo siku mama aliposema, nikiwa nimekaa katikati yenu, "Huyu nimempeleka shule atoke kwenye moshi." Uliinama ukachochea kuni. Na ulikuwepo siku ile ya wageni shuleni, nikiwa kidato cha pili. Uliingia getini na khanga yako inanukia kimea, umebeba ndizi za kuchoma, na wasichana wakaniuliza yule ni nani. Nikasema, "Jirani yetu." Ulisikia. Nilidhani ardhi itanimeza. Ukawageukia ukicheka.

"Ndiyo, mimi ni jirani. Jirani wa karibu sana, tumepakana damu."

Ukawagawia ndizi zote. Hukuwahi kunikumbusha siku hiyo, hata kwa utani, nami sikuwahi kukuomba msamaha. Nilipoogopa mapipa ya Jofrey nilikuwa bado nasimama kwenye geti lile.

Siku ya kuonja alialika watu wawili. Mmoja ni Mzee Bukuru, mkulima aliyemletea kahawa kutoka Ngara, ambaye wewe unamjua vizuri. Mrija wake haukukosa kwenye mtungi wako miaka yote. Mwingine ni Mama Kulwa, Msukuma mwenye baa karibu na stendi. Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado liko kwenye paa. Jofrey akatumiminia, akasimama pembeni na daftari lake, mikono safi, anatutazama.

Hakuna aliyegusa.

Mzee Bukuru aliweka mikono magotini. Mama Kulwa, kwa heshima, alimsubiri mzee. Povu likaanza kufa. Jofrey akatoa jasho.

"Haipendezi kwa macho?" akauliza.

"Inapendeza sana," Mzee akajibu, na hakusogea.

"Nyie Wahangaza wa Ngara bwana," Mama Kulwa akanong'ona, "mnaogopa mpaka povu?"

"Siogopi povu, mama. Nasubiri."

Hapo ndipo nilipoelewa. Maskini Jofrey alifundishwa kwamba mwenyeji mwema huwatanguliza wageni. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu mpishi wa pombe hutoa sumu kwanza: hunywa yeye mbele ya macho ya wote, ndipo mgeni anyooshe mkono. Nilikuona ukifanya hivyo maisha yangu yote. Ulikuwa hata hutazami mtu. Unavuta funda, to, unapangusa mrija, unampa mkubwa.

Ningeweza kumnong'oneza Jofrey. Kumbe mkono wangu ulishaondoka. Nilichukua glasi, nikasimama, nikanywa. Na sikutema, Shangazi.

Ngoja nikuambie ilivyokuwa, maana ungetaka kujua. Nyeusi kama sufuria la msibani, lakini ukiiinua juani pembeni inaonyesha wekundu wa damu ya mzee. Povu lake lina rangi ya ganda la karanga. Harufu ilinifikia kabla ya glasi: kahawa iliyotoka kwenye kikaango sasa hivi, nyuma yake ndizi iliyoiva ikapitiliza, na mbali kidogo sukari guru. Mdomoni ililala juu ya ulimi kama uji wa ulezi. Utamu ukatangulia, uchungu ukaufuata bila kuugombeza, kisha kilevi kikashuka kifuani taratibu kama mtu anayewasha taa chumba baada ya chumba. Nilifurahi kiasi cha kuogopa. Halafu mwishoni kabisa, kilipobaki kivuli tu cha ladha, yakaja majivu. Makavu, ya kukwaruza koo.

Nikasikia ulimi wangu wenyewe ukigonga. To, to.

Mzee Bukuru alikuwa ananitazama mimi, si glasi. Akanyoosha mkono, akachukua ya kwake.

"Haya," akasema. "Sasa tumemjua mwenye pombe."

"Hapana, Mzee, mwenye pombe ni huyu Jofrey."

"Jofrey amesimama na kalamu. Aliyeanza kunywa ndiye mwenye pombe. Kama ina kosa, tutakudai wewe."

Mama Kulwa akapiga makofi. "Umekwisha, binti!"

Nami nilikuwa nimeshasema kosa, mara mbili, kwa ulimi. Nikamwuliza Jofrey kahawa aliitiaje. Akasema aliisaga laini, akaichemsha pamoja na bia. Shangazi, nilikuona pale pale, umekaa kwenye kigoda chako. Kila ulipopika ulikaanga konzi ya mtama mpaka ukawa mweusi, ukaufunga kwenye kitambaa, ukauzamisha kwenye maji ya baridi usiku mzima. Hayo maji ndiyo yaliyoipa pombe yako rangi yake na ule utamu wa mbali ambao wapishi wengine waliutafuta wakaukosa. Niliwahi kukuuliza kwa nini usiuchemshe tu, tumalize haraka. Ukasema, "Kilichokaangwa kimeshaona moto. Usikitese mara ya pili."

Nilirudia maneno hayo kwa sauti. Nikasubiri Jofrey aniulize nimeyasoma wapi, maana yeye ni mtu wa vitabu. Akaniuliza. Na nilijibu, mbele ya wote watatu:

"Kwa shangazi yangu. Alikuwa anapika pombe Ngara. Ndiye aliyenilea."

Basi. Miaka yote nilidhani sentensi hiyo ni mlima. Jofrey aliandika tu kwenye daftari. Mzee Bukuru aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akiingoja tangu anywe chai asubuhi. "Vestina," akasema, akilitaja jina lako. "Nilijua ulimi huu umetoka wapi."

Kulikuwa na pipa moja ambalo bado halijatiwa kahawa. Nilivua saa, nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikasaga kahawa ya Mzee kwa mkono, chengachenga, nikaifunga kwenye kitambaa cheupe nikaizamisha. Bia ilikuwa ya baridi, ilishamaliza kuchachuka. Tuliiacha siku mbili. Nilikwenda kuinusa mara nyingi kuliko nilivyokula.

Siku ya tatu waliitwa tena. Safari hii hakuna aliyesubiri kwa mashaka. Walisubiri kwa adabu, wananitazama mimi. Nikamimina, nikanywa kwanza, nikampa Mzee Bukuru. Kahawa ilikuwa mbichi na hai kama asubuhi ya kuvuna, inakaa juu ya utamu bila kuukanyaga, na mwishoni, pale palipokuwa na majivu, palikuwa na kitu kama ngozi ya tunda jekundu la mbuni unapolitafuna shambani. Mama Kulwa alifumba macho. "Hii," akasema, "mteja akinywa mbili nitampeleka kwao na pikipiki." Mzee alivuta funda. Alimeza, akatulia, na kutoka kinywani mwake ikaja sauti yako.

To!

Mara moja.

Nilitoka nje nikalia kidogo, kilio cha furaha, kisha nikampigia mama. Nilimwambia yote, kuanzia glasi ya kwanza mpaka ninavyotaka kuacha kazi nipike na Jofrey.

"Nilitaka utoke kwenye moshi," akasema.

"Najua, mama. Nilitoka. Nimeona huko nje. Sasa narudi na macho yangu."

Nikamsikia akifunua kifuniko. "Mtungi wa wifi yangu uko jikoni. Natunzia maharage. Njoo uuchukue kabla sijaghairi."

Shangazi, siku hizi nacheka peke yangu barabarani, watu wa sokoni wameanza kunizoea. Lile geti la shule bado naliona, lakini sasa nakuona unaingia, na mimi nakimbia kukupokea. Nisamehe kwamba nimechelewa kukimbia. Ungesema ndizi zilishaliwa, yaishe.

Barua ya kuacha kazi niliipeleka ofisini Jumatatu. Jumatano nilikwenda Ngara, nikayahamishia maharage ya mama kwenye ndoo, na mtungi wako nimeuleta huku Biharamulo kwa basi, nimeupakata njia nzima. Leo ni Ijumaa. Mtama wa kwanza niliokaanga mwenyewe umelala ndani yake, kwenye maji ya baridi. Juu ya mlango wa nyumba ya mapipa, pale palipoandikwa mpishi, pana majina mawili, na moja ni langu.

Lala salama, Shangazi. Funda la kwanza nitalinywa mimi, mbele ya watu.

Mtoto wa kaka yako,
jirani uliyepakana naye damu.